Risasi za Kale Zinazookotwa Shambani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa mkulima, mchimba dhahabu, mwalimu wa historia na yeyote mwingine wa Nyanza, Magharibi au Bonde la Ufa ambaye jembe lake limefukua kipande kizito cha kijivu na sasa anataka kujua ni cha nani na cha lini.

Nimeokota risasi. Nianze na nini?

Tazama kwanza kama ni kichwa kitupu au risasi nzima. Risasi nzima ina ganda la shaba lenye kitako bapa, na kichwa bado kimekaa mdomoni mwa ganda. Hiyo iache palepale. Usiigonge, usiifungue, usiitie mfukoni, hata kama imeota kutu ya kijani na inaonekana imekufa. Baruti iliyofukiwa miaka mia moja bado inaweza kushika moto. Weka alama, ondoa watoto, kisha mwite chifu au wapigie polisi simu, 999 au 112. Fanya hivyo pia kwa guruneti, kombora au chuma chochote cha umbo la kutiliwa shaka.

Kichwa kitupu hakilipuki. Hata hivyo madini ya risasi ni sumu inayoingia mwilini polepole: nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, mtoto asikichezee, na asikiyeyushe mtu jikoni. Kuanzia hapa chini tunazungumzia vichwa vitupu tu.

Na kabla hujakiinua, kipige picha kikiwa bado udongoni, halafu weka alama ya mahali hapo kwenye ramani ya simu. Sababu utaiona mbele.

Nitajuaje kwamba ni risasi kweli?

Uzito ndio shahidi wa kwanza. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.34, ilhali ya chuma haifiki gramu 8. Gololi ya risasi yenye kipenyo cha milimita 15 ina gramu 20 hivi. Ya chuma yenye ukubwa huohuo, iliyotoka kwenye beringi ya kinu cha posho, ina kama gramu 14. Sumaku itamaliza ubishi: chuma kinavutwa, madini ya risasi hayavutwi.

Lakini si kila kipande cha madini haya kiliwahi kupigwa na bunduki. Ufukweni mwa ziwa, kuanzia Usenge hadi Karungu, vingi vinavyoletwa ni chubwi za nyavu. Chubwi huwa na tundu la kupitishia uzi, au ni kibamba kilichokunjwa. Kando ya reli utapata vidonge vya lakiri vilivyofunga mabehewa na mifuko ya barua. Hivyo vina herufi zilizobanwa na vijitundu viwili vya waya. Timazi ya fundi mwashi nayo ikivunjika ncha huwadanganya watu. Risasi haina tundu linalopita ndani kwa ndani. Inaweza kuwa na shimo kitakoni au puani, lakini shimo hilo halitokei upande wa pili.

Yangu ni duara kama gololi. Je, ni ya gobore la biashara ya pembe?

Huenda. Misafara ya pwani ilifika Mumias katika karne ya 19 ikitafuta pembe za ndovu, na magobore yake yalipakiwa kwa mdomo: baruti, kisha kitambaa au karatasi, kisha gololi. Gololi za magobore hayo nyingi zina kipenyo cha kati ya milimita 14 na 18. Nyingine zilimiminwa kambini katika kalibu ya mkono, kwa hiyo tafuta mshono mwembamba uliozunguka gololi mahali nusu mbili za kalibu zilikutana, na kovu dogo bapa palipokatwa kijiti cha madini yaliyomwagwa. Ukiviona vyote viwili, unajua kwamba ilimiminwa kwa kalibu. Ukiona pia mkanda bapa uliosuguliwa kiunoni, gololi hiyo ilipita mtutuni.

Watu hukosea hapa: wanaona duara, wanasema 1850. Gobore halikufa bunduki mpya zilipokuja. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingiza Afrika bunduki za kisasa, hasa zile zenye mifereji mtutuni, lakini ukaacha mlango wazi kwa magobore ya mtutu laini. Kwa hiyo baada ya mwaka huo gobore lilikuwa silaha ya mfanyabiashara, ya mwindaji na ya mtu wa kawaida aliyeweza kupata baruti, na gololi iliyopigwa 1870 haina tofauti yoyote na iliyopigwa 1910. Umbo la duara pekee halikupi mwaka.

Tena kuna maduara mengine. Gololi ngumu za milimita 12 hadi 13 zinaweza kuwa za shrapneli, yaani shehena ya kombora la mzinga; ugumu wao hutokana na antimoni iliyochanganywa. Vidogo vya milimita 2 hadi 4 ni chembe za bunduki ya kupigia ndege, na hivyo vinauzwa hadi leo.

Imebondeka. Kuna njia ya kujua ilikuwa na ukubwa gani?

Ipo, na ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haihitaji zaidi ya mizani. Gololi ikigonga mti au mwamba inapoteza umbo, lakini uzito wake haupungui sana. Pima kwa gramu, gawanya kwa 5.94, halafu tafuta kipeuo cha tatu (∛) kwa kikokotoo cha simu. Jibu ni kipenyo kwa sentimita. Mfano: kipande cha gramu 26 kinakupa 4.38, na kipeuo chake cha tatu ni 1.64, kwa hiyo kilikuwa duara la milimita 16 na kidogo.

Mizani ya jikoni haitoshi. Katika Migori, Ikolomani na Kakamega wanunuzi wa dhahabu wana mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, na wengi watakupimia kwa dakika moja ukiomba kwa adabu.

Ni ndefu, ina kichwa cha mviringo, na haina koti la shaba. Ni ya bunduki gani?

Swali hili ndilo lenye faida kubwa kwa historia ya eneo letu, tuliingie polepole.

Mpaka katikati ya karne ya 19 risasi za majeshi zilikuwa duara. Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alitoa risasi ya umbo la koni yenye kitako kilichochimbwa. Baruti ikiwaka, kitako hutanuka na kushika mifereji ya mtutu. Toka hapo majeshi ya Ulaya yakaacha gololi. Kisha zikaja bunduki zinazopakiwa nyuma. Zilizofika kwetu kwa wingi na kuacha vichwa vya madini matupu ni chache, na unaweza kuzitenganisha kwa kalipa, yaani kifaa cha kupimia kipenyo, na mizani.

Snider ya Waingereza, iliyoanza 1866, ina risasi nene ya karibu milimita 14.5 na gramu 31. Kitako chake kimechimbwa, na puani mara nyingi kuna shimo lililofichwa ndani. Snider ni miongoni mwa bunduki zilizokuja na Imperial British East Africa Company, kampuni iliyopewa hati yake 1888.

Martini-Henry, iliyokubaliwa 1871, ina uzito uleule, gramu 31, lakini ni nyembamba na ndefu zaidi: milimita 11.4 hivi. Ubavu wake ni laini kwa sababu ilifungwa karatasi. Madini yake ni magumu kidogo, sehemu 12 za risasi kwa sehemu moja ya bati.

Mauser ya Kijerumani ya 1871 inakaribia kipenyo hichohicho, milimita 11 na nukta, lakini ina gramu 25 tu. Na Remington ya mtindo wa Misri, waliyokuwa nayo askari Wasudani wa Emin Pasha, gavana wa Misri katika jimbo la Equatoria, ina kama gramu 26.

Sasa chukua ramani. Anayeokota kichwa cha milimita 11 karibu na Kisii ana maswali mawili mezani. Wajerumani waliingia Kisii Septemba 1914 na kupigana na King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, tarehe 12 mwezi huo, kabla ya kurudi mpakani. Kampuni nyingi za askari wa Kijerumani wakati huo zilikuwa bado na Mauser ya 1871, ile inayotoa moshi mzito unaomwonyesha adui ulipo. Kwa hiyo gramu 25 Kisii inaelekea 1914. Gramu 31 katika kilima hichohicho inaelekea mkono wa Mwingereza. Kalipa peke yake isingekuambia lolote. Mizani imekuambia jeshi.

Kipande cha gramu 25 au 26 kikitoka Webuye, upande wa Chetambe, Mjerumani hayupo katika hesabu. Pale Wabukusu walipigana 1895 na kikosi cha ofisa Mwingereza C. W. Hobley kilichokuwa na Wasudani ndani yake, na Remington inakuwa dhana nzuri kuliko Mauser. Kipande ni kilekile, au karibu. Mahali ndipo panapoamua.

Kuna mistari imelala ubavuni. Ina maana gani?

Hiyo ni alama ya mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ili risasi ijizungushe ikiruka. Gobore la mtutu laini haliachi mistari hiyo. Simamisha kichwa pua juu, hesabu mistari na uangalie inalala upande gani ikipanda. Martini-Henry huacha saba, inayopanda kuelekea kulia. Mauser za Kijerumani huacha minne, kulia pia. Lee-Enfield ya Waingereza huacha mitano inayopanda kuelekea kushoto, na hilo la kushoto linasaidia sana kwa sababu bunduki nyingi za kijeshi za enzi hizo ni za kulia. Tumia mwanga wa tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Kama hakuna mistari kabisa kwenye risasi ndefu, huenda haikupigwa; ilianguka kutoka mfukoni mwa mtu.

Yangu ina ngozi ya rangi ya fedha au shaba juu ya madini laini.

Hilo ni koti, na linakupa mpaka wa wakati. Baruti isiyotoa moshi ilianza Ufaransa miaka ya 1880. Inasukuma risasi kwa kasi ambayo madini matupu hayaivumilii. Yanapaka mtutu na kushindwa kushika mifereji. Ndipo vichwa vikafunikwa. Ukiona koti, achana na habari za misafara ya pembe ya 1860.

Risasi ya Kiingereza ya .303 ina kipenyo cha milimita 7.9. Kuanzia 1889 ilikuwa na pua ya mviringo na gramu 13.9. Mwaka 1910 ikaja Mark VII, yaani toleo la saba, yenye ncha kali, gramu 11.3, na ndani ya ncha hiyo kuna kitu chepesi kama alumini au nyuzi za mbao. Ya Kijerumani ya wakati huo ina milimita 8.2, na koti lake mara nyingi ni la chuma kilichopakwa madini mengine, kwa hiyo sumaku inaivuta. Koti la Mwingereza wa 1914 halivutwi.

Tumepata .303 yenye ncha kali Nandi Hills. Ndiyo iliyopigwa siku ya Koitalel?

Hapana. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi katika vita vyao na Waingereza, aliuawa na ofisa Mwingereza Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905. Risasi yenye ncha kali ilikuja miaka mitano baadaye. Najua jibu hili huwaudhi wenyeji, hasa wakishaiweka kwenye fremu, lakini tarehe haibembelezwi. Yenye pua ya mviringo ingeweza kuwa ya vita vile vya 1895 hadi 1905, na hiyo ndiyo ya kuipeleka makumbusho haraka.

Upande wa pili wa hesabu ni mgumu zaidi. Lee-Enfield, bunduki inayopiga .303, ilibaki mikononi mwa polisi na askari wa akiba miongo mingi baada ya uhuru. Kwa hiyo Mark VII inaweza kuwa ya 1915 au ya wizi wa ng'ombe wa juzi. Aina ya risasi hukuambia haiwezi kuwa kabla ya lini. Haikuambii haiwezi kuwa baada ya lini.

Babu alisema vita vilipiganwa hapa. Risasi moja inatosha kuthibitisha?

Moja haitoshi. Risasi moja ni mtu mmoja aliyepiga kitu kimoja, na kitu chenyewe huenda kilikuwa swala. Uthibitisho hutokana na mtawanyiko: vichwa vilivyobondeka upande mmoja wa bonde, maganda upande mwingine, vichwa vizima visivyopigwa pale watu walipolala au kukimbia. Mtawanyiko huo unaonyesha nani alisimama wapi na alielekeza bunduki wapi, jambo ambalo ripoti za maofisa wa kikoloni, zilizoandikwa kujisifu, mara nyingi hazisemi. Kijana akizikusanya zote kwenye kopo la majani ya chai, vita vimefutwa. Zilikuwa ushahidi asubuhi. Jioni ni vyuma chakavu.

Ndiyo maana nasisitiza alama ya mahali. Andika kina pia. Kilichokuwa kwenye sentimita 15 za juu, zinazogeuzwa na plau kila msimu, hakina uhakika kama kilichofukiwa chini ya tabaka lisiloguswa. Na maneno ya babu yaandike kama alivyoyasema, bila kuyalinganisha kwanza na vitabu.

Imefunikwa utando mweupe. Huo si ushahidi wa umri?

Utando huo ni madini yaliyoungana na hewa na unyevu wa udongo, na unategemea udongo kuliko miaka. Udongo mwekundu wenye tindikali wa Kisii na Nandi hula kwa namna yake, udongo mweusi wa Kano kwa namna nyingine, na magadi ya kando ya Ziwa Nakuru kwa namna yake tena. Samadi huharakisha. Nisingemwamini mtu anayeangalia weupe na kutaja mwaka.

Maabara je? Kaboni 14?

Kaboni 14 hupima vitu vilivyowahi kuwa hai, kwa hiyo haifai kwa metali. Maabara inaweza kupima isotopu za madini ya risasi na kukadiria yalichimbwa katika mgodi wa eneo gani, lakini madini haya yaliyeyushwa na kuchanganywa tena na tena, hivyo jibu huwa na ukungu. Kwa risasi moja ya shambani gharama hiyo haina maana.

Niisafishe vipi?

Usiisafishe. Suuza udongo kwa maji na brashi laini ya meno, ianike kivulini, basi. Brashi ya waya inafuta mistari ya mtutu. Siki na maji ya ndimu ni mabaya zaidi, kwa kuwa tindikali hula madini yenyewe na kuacha chumvi yenye sumu. Usiihifadhi kwenye sanduku la mbao wala la katoni. Mvuke wa mbao huigeuza unga mweupe taratibu. Mfuko wa plastiki wenye vitobo na kikaratasi cha maelezo unatosha.

Nakuru tunaokota nyingi, na hakujawa na vita. Zatoka wapi?

Walowezi waliwinda sana Njoro, Rongai na Solai, na bunduki zao zilikuwa za kila aina, kwa hiyo vipimo vinaweza kukushinda usivione kwenye orodha yoyote ya kijeshi. Ongeza viwanja vya shabaha vya polisi na jeshi, ambako vichwa hupatikana vimelundikana kwenye tuta moja. Uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Kichwa laini cha bunduki nzito ya ndovu au nyati, basi, kwa kawaida ni cha kabla ya hapo, ukiwatoa majangili.

Maganda yana herufi na nambari kitakoni. Zinasomwaje?

Ganda tupu hueleza zaidi ya kichwa. Kwenye .303 nambari ya Kirumi ni toleo, kwa mfano VII. K ni Kynoch, na R na L zenye mshale katikati ni karakana ya serikali ya Woolwich. Kuanzia 1907 nyingi zina tarakimu mbili za mwaka: 14 ni 1914. Kumbuka huo ni mwaka wa kutengenezwa, na risasi huweza kukaa ghalani miaka mingi kabla ya kupigwa.

Sheria inasemaje?

Sheria mbili zinakuhusu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakataza kuwa na risasi bila cheti, na afisa barabarani hana wajibu wa kukubali kwamba yako ni ya kale. Risasi nzima usiibebe kamwe. Ya pili ni Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006. Inahesabu kuwa kifaa cha kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na inamtaka anayevumbua kitu cha kiakiolojia atoe taarifa kwa makumbusho ndani ya siku saba. Kutafuta kwa makusudi, kwa mfano kutembeza kitambua metali mahali pa vita, kunahitaji leseni, hata kama umezoea kukitumia kutafutia dhahabu.

Makumbusho zilizo karibu ni Kisumu, Kitale, Kabarnet na Hyrax Hill hapo Nakuru. Piga simu kwanza, eleza ulichokipata, wakuambie ukilete au wakifuate.

Inauzwa bei gani?

Haina bei ya maana. Mamilioni ya risasi hizi zilitengenezwa. Akija mtu na gari akidai anatafuta "risasi ya Mjerumani" kwa mamilioni ya shilingi, na kwamba utoe kwanza ada ya kupimwa, huyo ni tapeli. Kuuza kifaa cha kale bila leseni ni kosa hata mnunuzi akiwa wa kweli.

Naweza kutuma picha badala ya kusafiri?

Ndiyo, mradi picha zitoe vipimo. Piga tatu: ubavu, kitako na pua, juu ya karatasi nyeupe, mchana, bila flashi. Weka rula kando yake. Sarafu si kipimo, kwa maana zimebadilishwa ukubwa. Andika kipenyo cha kitako kwa milimita, urefu, uzito kwa gramu, kama sumaku inavuta, idadi ya mistari na inalala wapi, kijiji na kina. Alama kamili ya mahali mpe afisa wa makumbusho peke yake. Ukiiweka kwenye kundi la WhatsApp, kesho yake utakuta watu wanne na majembe wameshafika.